Nyumba Iliyoacha Kugombana Nami

Nakumbuka asubuhi moja nilimaliza maji yote ya moto nyumbani, na hakuna aliyenitukana.

Mwanangu, utasema hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Tulikuwa wasichana wanane katika nyumba moja, bafu moja, na tangi la maji ya moto lililotosha watu watatu, tena wenye haraka. Aliyelimaliza alitoka bafuni akakuta wenzake wamejipanga koridoni, taulo mabegani, na maneno yao wameshayanoa. Siku hiyo nilifungua mlango nikiwa na majibu yangu tayari. Clémence alikuwa amesimama pale, msichana wa Likasi aliyesomea sheria, na ulimi wake ulitutangulia sote. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akaniangalia kwa upole ambao sikuwahi kuuona usoni mwake.

“Umeoga muzuri, Mwansa?” akaniuliza.

Kisha akaingia kuoga maji ya baridi. Brussels, mwanangu, na mvua inanyesha. Nikabaki koridoni nikichuruzika maji, nikijiuliza huyu ana nini leo.

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia umepata chumba katika nyumba ya wasichana wenzako, unahamia masomo yakianza, na unataka nasaha zangu. Najua ulitegemea nikuambie ufunge mlango wako na usiazimishe sufuria. Hayo utajifunza mwenyewe, tena mapema. Nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Mimi nataka kukuambia jingine. Na ukiona Kiswahili changu kimenyooka, usishangae. Nimekipata ukubwani kwa mume wa Kigoma, aliyekuwa akinisahihisha hata katikati ya sala, Mungu amrehemu. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, na katika nyumba ile tulisema Kiswahili chetu cha kule, Kifaransa tukikitia humo bila kupima.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mtaa mwembamba unaotoka Chaussée d'Ixelles, karibu na Porte de Namur, kwa hiyo Matonge yote, mtaa wa Waafrika wa Brussels, ilikuwa mlangoni petu. Ilikuwa mali ya parokia. Masista waliokuwa wakikaa humo walizeeka wakahamishwa, na parokia ikawaachia wasichana wa Kizaire waliokuja kusoma, maana wakati huo nchi yetu iliitwa Zaire. Aliyetulea ni Maman Albertine, mjane wa Bukavu. Mchana alihudumia wazee katika hospitali moja kule Jette, na jioni alirudi kutuhudumia sisi. Alikuwa akisema wazee ni nafuu.

Kila msichana mpya alipewa yaya, yaani dada mkubwa wa nyumba (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume), wa kumfundisha pa kununua sombe, kisamvu chetu, namna ya kuwajibu makarani wa komine, ofisi ya manispaa, na lini anyamaze. Yaya wangu alikuwa Sifa, msichana wa Bukavu, ambaye nililala naye chumba kimoja. Jumamosi ndiye aliyetusuka nywele sote, jikoni, redio ikipiga rumba na makayabu, samaki wetu wa chumvi, yakinuka hadi ghorofa ya juu. Ila desturi iliyoipita nyingine zote ilikuwa ugomvi. Tuligombania bafu, tukagombania zamu za kupika, tukagombania nani alikula mkate wa nani. Asiyegombezwa alikuwa mgeni. Siku ya kwanza Clémence aliponifokea kwa sababu ya sufuria niliyoiunguza, nililia sana, na Sifa akanipiga begani akicheka.

“Bon, sasa uko mutoto ya nyumba.”

Basi umeona kwa nini nilishangaa.

Nao walinipa jina, Juu-ya-nini, yaani ‘kwa nini’, kwa sababu sikuweza kufunga mdomo. Juu ya nini Wabelgiji wanakula viazi kila siku na hawachoki? Juu ya nini bibi wa mlango wa pili anaongea na mbwa siku nzima na hamsemeshi mume wake? Udadisi ulikuwa ugonjwa wangu, na hadi leo haujapona. Nikiona pazia limefungwa, nataka kujua nyuma yake kuna nini. Kwa hiyo maji ya moto yalipopita bila matusi, sikusema alhamdulillahi kama Waislamu wa Kigoma wala aksanti Yezu kama watu wetu. Nilianza upelelezi.

Zamu yangu ya kupika ilipofika, nikakuta bukari umeshapikwa, ndio ugali wetu huo. Sifa alikuwa anafuta mwiko.

“Juu ya nini umepika siku yangu?”

“Ah, miye nilikuwa tu na bidii leo.”

Sifa na bidii! Mwanangu, Sifa nilimpenda kama ndugu, lakini bidii hakuwa nayo hata ya kuvua viatu. Na juu ya hilo akanipakulia kichwa cha samaki, kile ambacho kwa kawaida tulikipigia kelele kama bungeni. Wote wakaniangalia nikila. Nilikila chote, sikatai, lakini kwa wasiwasi.

Baadaye ikaja Jumamosi, na redio haikufunguliwa. Niliuliza, wakasema imeharibika. Nikaibonyeza, ikapiga vizuri kabisa, na Clémence akanyoosha mkono akaizima. “Mitihani iko karibu,” akasema, “tusome kwanza.” Watu waliokuwa wakisoma huku wanacheza, leo eti wanataka kimya.

Simu ya nyumba ilikuwa koridoni, karibu na ngazi. Zamani ililia hadi ikachoka, kila mtu akimngoja mwenzake aamke. Sasa mlio wa kwanza haukuisha kabla mtu hajaruka kuipokea. Wakasema kwa sauti ndogo, wakageukia ukutani, kisha wakaniambia mtu amekosea namba. Lo! Watu wa Brussels waliokosea namba wote walituangukia sisi.

Hata nje mambo yalikuwa hayo hayo. Nilikwenda Matonge kununua pilipili kwa mama mmoja aliyetuzoea, mtu wa maneno mengi, mwenye kutania kila mteja. Aliponipa mfuko wangu alinishika mkono, hakuuachia. “Mungu eko, mutoto yangu,” akaniambia. Nikamwambia ndiyo, yuko. Nikarudi nyumbani na pilipili zangu nikiwaza habari za huyo Mungu aliye na mimi ghafla hivyo.

Kuna jambo moja bado linanichoma. Mezani jioni moja, nikiona wote wamenyamaza, nikaamua kuwachangamsha. Nikawaigizia baba yangu. Baba alikuwa fundi wa reli, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, na kanisani aliimba kwa ufunguo wake mwenyewe, kwaya nzima ikielekea huku na yeye akielekea kule, amefumba macho, ana furaha tele. Nikasimama, nikafumba macho, nikaimba kama yeye. Nilikuwa hodari kwa hilo. Siku nyingine wangeanguka chini kwa kicheko. Clémence aliinuka akatoka. Sifa alianza kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na chakula. Nikafikiri wamechoka na vichekesho vyangu, nikaudhika kidogo, nikapanda kulala.

Sasa sikia jambo lililonifungua macho. Nywele zangu zilikuwa zimekaa muda mrefu, mizizi imetoka, nimekuwa kichekesho. Jumamosi nikaleta kiti changu jikoni, nikakaa mbele ya Sifa na kitana mkononi, kama tulivyofanya siku zote. Sifa alikishika kile kitana, akagusa kichwa changu, akasimama hapo. 

“Tungojee kwanza,” akasema.

“Tungojee nini?”

“Tungojee tu, Mwansa. Baada ya mitihani.”

Hapo nikajua. Wewe umezaliwa huku ugenini, labda hujui. Kwetu mwanamke aliyefiwa hasukwi. Nywele zake hufumuliwa, na mahali pengine hunyolewa. Mikono ya Sifa isingeweza kumsuka mtu aliye katika msiba, hata kama mtu mwenyewe hajui kwamba yuko katika msiba. Redio imezimwa kwa sababu hiyo. Kichwa cha samaki, maji ya moto, Mungu aliyeko, vyote vikajipanga mbele yangu. Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Wenzangu walitaka nile bila kujua, na kwa huruma yao walinigusa mkono kila siku.

Nilikuwa nimefiwa, na nyumba nzima ilijua, na mimi peke yangu sikuambiwa. Swali likawa moja tu: nani?

Nalo swali hilo sikuliuliza kwa mdomo. Nilijijibu. Mama yangu alikuwa na sukari. Mguu ulimsumbua tangu kabla sijaondoka Lubumbashi, macho yalianza kufifia, na kila habari niliyopata kutoka nyumbani ilikuwa mama leo hivi, mama jana vile. Nani mwingine? Nikaketi kitandani siku hiyo mchana, nikatoa sandukuni pagne, kitenge alichonifungia siku ya safari, nikakiweka mapajani, nikamzika mama yangu. Peke yangu, bila sauti, kwa sababu nikilia watajua najua.

Utaniuliza: wewe Juu-ya-nini, mbona hukuuliza? Ndilo swali lenyewe. Kwetu kifo hakiulizwi hivi hivi. Ukiuliza ni kama umekiita. Na tena niliwaonea huruma wenzangu. Walikuwa wanajitahidi sana, maskini, hata Clémence alikuwa ameuma ulimi wake hadi nikaogopa atajijeruhi. Lakini ukweli wa ndani ni huu: nilijua nikiuliza nitajibiwa. Siku moja nilishuka hadi Porte de Namur, nikaingia kwenye kibanda cha simu na kadi yangu, nikabonyeza namba za mfanyabiashara jirani yetu kule Lubumbashi, aliyekuwa akituitia watu wa nyumbani. Kabla haijaita, nikaikata. Nikatoka, nikasimama nikiangalia watu wanavyoingia na kutoka metro na mifuko yao ya dukani, nikarudi.

Hivyo tukaishi, wao wakinificha na mimi nikiwaficha. Niliingia kwenye mitihani na mama yangu amekufa moyoni. Niliandika majibu ya maabara, maana ndiyo niliyosomea, damu na mikojo ya watu, na sijui niliandikaje. Nilifaulu. Watu husema ‘angalau alifaulu’. Tafadhali, usiseme hivyo mbele yangu.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha, nilirudi nyumbani nikakuta viti vya sebuleni vimesogezwa ukutani na magodoro yametandikwa chini. Baba yangu mdogo, Tonton Fidèle, alikuwa amekuja kutoka Liège, amevaa koti jeusi, na mkewe kando yake. Maman Albertine hakuwa amekwenda kazini. Wasichana wote walikuwa jikoni, wamesimama. Nikaambiwa nile kwanza. Nilikula. Ukitaka kujua chakula kinavyokuwa mdomoni siku kama hiyo, nitakuambia kilikuwa kitamu, maana Maman Albertine ndiye aliyepika, na mwili hauna adabu, unakula tu.

Kisha wakanikalisha. Sifa akakaa kushoto, Clémence kulia, kila mmoja amenishika mkono. Tonton akaanza kwa mbali sana, kama wanavyofanya wazee wetu. Akaanza na Adamu, akapita kwa Ayubu, akasema binadamu ni ua la asubuhi. Mimi nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nimebeba maiti muda wote ule na sasa nilitaka kuitua.

“Tonton,” nikamkatiza, “usihangaike. Ninajua. Mama alikufa.”

Tonton aliniangalia, akamwangalia mkewe, akaniangalia tena.

“Mama gani? Mama yako eko muzima. Ni papa, Mwansa. Ni yaya yangu njo alikufa. Alianguka ku kazi, moyo ikasimama.”

“Mama eko?”

“Eko.”

“Mama yangu? Eko muzima?”

“Eko muzima, ninakuambia.”

Mwanangu, mara nyingi watu wamenisikia nikieleza habari ya siku ile, na sehemu hii huwa naipita. Leo sitaipita. Nilicheka. Furaha ilinipanda kutoka tumboni, sikuizuia wala sikuweza, nikapiga makofi, nikasema mama eko, mama eko, aksanti Mungu. Mke wa Tonton akaweka mikono kichwani akidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba baba yangu, yule mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, ameanguka kazini na moyo wake umesimama, na mimi nilifurahi. Ikapita muda kabla neno ‘papa’ halijanifikia. Lilipofika, nikajifunika uso kwa mikono ile ile iliyopiga makofi.

Tonton alitaka nilie kwanza, nilale, habari za simu ziwe kesho. Hapo Maman Albertine akainuka. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo aliijaza sebule yote.

“Hapana, Tonton. Amengoja ya kutosha. Anamwita mama yake sasa.”

Tukapiga kwa yule jirani, tukakata, tukangoja wamwite mama, tukapiga tena. Nikasikia pumzi yake kabla ya sauti.

“Mwansa? Njo weye?”

“Ni miye, mama.”

“Nilizani umenikasirikia.” Sauti yake ilikuwa imekauka. “Kila siku ninauliza: Mwansa aliambiwa? Banasema aliambiwa, alilia sana. Bon, nikasema, kama aliambiwa, juu ya nini haniite? Nikasema labda kule kwa Bazungu bantu hawaliaka. Nikasema labda mutoto yangu amekuwa muntu mwingine.”

“Mama, baliniambia leo. Sasa hivi.”

Nikafikiri simu imekatika.

“Leo?” akauliza.

“Leo, mama.”

Akaanza kulia upya, na safari hii hakumlilia baba. Alinililia mimi. Tulilia hadi kadi zote walizochangia wasichana zikaisha, na maneno tuliyosema yalikuwa machache mno. Kwamba muda wote ule nilikuwa nimemzika yeye, sikumwambia. Ningemwambiaje? Alikuwa mjane mpya, amekaa chini, anangoja sauti ya mtoto wake, na mtoto alikuwa Brussels anamlilia mama aliye hai huku baba akiingia kaburini bila chozi langu hata moja.

Maman Albertine hakuongeza neno siku hiyo wala siku zilizofuata, watu walipokuwa wakiingia na kutoka, wakilala kwenye magodoro, wakiimba nyimbo za kanisa. Wenzangu walinifumua nywele, Clémence akanitengenezea chai usiku na mchana. Nyumba ile ilijua kumkalia mtu matanga, siwezi kuisema vibaya. Wageni walipoisha na magodoro yalipopandishwa vyumbani, ndipo Maman alipotuita sote jikoni asubuhi. Tonton alikuwa bado hajarudi Liège, na yeye akaitwa.

“Papa Fidèle,” akaanza, “kumukalisha muntu, kumukulisha kwanza, kumuzunguka na bantu yake, ile ni desturi yetu, na ni muzuri. Bababu waliona mbali. Mais kumungojesha hadi amalize mitihani, ile ulitoa wapi? Muntu hafichiwe kifo ya baba yake. Anapangiwa tu namna ya kuambiwa.”

Tonton akajitetea kwamba aliogopa nitapoteza mwaka wa masomo. Alikuwa mtu mwema, nataka ulijue hilo. Aliniogopea kweli.

“Mwaka unarudiwa,” Maman akamjibu. “Machozi ya kulia na mama yake, ile itarudiwa wapi?”

Akageuka kwa wasichana, akawaambia wao ni watoto, waliapishwa na wakubwa, hana neno nao. Akasema na yeye mwenyewe alikosa, kwa sababu aliheshimu neno la familia kuliko aliloliona kwa macho. Kisha akaniangalia mimi. Nilidhani nitapewa pole nyingine.

“Na weye, Juu-ya-nini. Uliuliza redio, uliuliza samaki, uliuliza nywele. Miye nilikuwa hapa kila mangaribi. Juu ya nini haukuniuliza miye?”

“Niliogopa utanijibu, Maman.”

“Ningekujibu,” akasema. “Kama ungeniuliza uso kwa uso, singeweza kukudanganya. Ningemuita tonton yako siku ile ile. Udadisi yako ilitembea nyumba yote, ikaogopa mulango moja tu.”

Nilikasirika, nisikudanganye. Nilijiona mimi ndiye niliyefiwa, mimi ndiye niliyefichwa, na bado mimi ndiye ninayegombezwa. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba yale hayakuwa matusi. Alikuwa ananipa kitu changu mwenyewe nilichokiacha chini.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sukari yake na mguu wake. Alikufa mzee kabisa. Mdogo wangu alinipigia asubuhi ile ile. Kwanza akaongea na mume wangu, mume wangu akaja akaniondolea kisu cha vitunguu mkononi, akanikalisha, akakaa karibu yangu, ndipo akaniambia. Nililia palepale, nikalia kwa jina lake, na kabla ya saa sita nilikuwa nimezungumza na ndugu zangu wote. Kulikuwa na uchungu, mwanangu, uchungu mwingi, lakini haukuwa na upotofu ndani yake. Nilimlilia aliyekufa, na waliobaki walijua kwamba namlilia. Baba yangu hakupata hilo kwangu. Hadi leo nikimkumbuka, najikuta kwanza nimeikumbuka ile furaha, na inabidi niipite ndipo nimfikie yeye.

Basi nasaha yangu ni hii, ishike. Katika nyumba hiyo unayokwenda mtacheka pamoja na mtaoga kwa zamu, na kuishi kwingi ni kuona mengi. Siku moja habari nzito ya mmoja wenu itafika kwa wengine kabla ya mwenyewe. Watakuambia mfiche, ana mitihani, ana mimba, ana safari. Usikubali. Habari ya msiba ina mwenyewe, na kila siku unayokaa nayo mfukoni unakaa na mali ya mtu. Wala usimtupie kwenye ngazi akiwa na mkoba begani. Mwite, mkalishe, mpe chakula kama atakula, waite wanaompenda wamzunguke, halafu mwambie kwa maneno mafupi nani amekufa. Mtaje jina. Adamu na Ayubu watangoja. Na kama wewe ndiye unayetazamwa kwa huruma usiyoijua chanzo chake, usikae kitandani ukijijibu. Kuuliza si ujinga, na woga wa jibu haujamfufua mtu yeyote. Mtafute aliye mkubwa katika nyumba, simama mbele yake, umuulize.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba yangu akutangulie katika ngazi za nyumba hiyo, akupe wenzako wenye mioyo laini na midomo ya kweli. Akucheleweshee machozi kadiri apendavyo. Na siku akikupangia kulia, akujalie umlilie wako kwa jina lake, ukiwa na watu, na mama yako akikusikia. Amina.